Mguu wa Katani

Tarehe 6 Januari

Kwako Babangu,

Marahaba, maana najua ulikuwa unakaribia kuniamkia. Mimi shangazi yako ni mzima, na kama kuna kilichougua ni masikio tu, ambayo mashine za kufulia zilishayala zamani. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono. Simu ya baba yako siitaki. Ukinipigia nasikia upepo, naye ananijibia, na kufika jioni mtaa mzima unajua tulichozungumza.

Baba yako hajambo. Juzi amepanda juu ya paa mwenyewe, kwa umri ule, kuziba panapovuja. Wifi yangu alimshikia ngazi huku akimsema. Pamevuja pale pale. Mama yako huyo huyo anauliza unakula nini huko uliko, maana kwenye picha shingo imekuwa ndefu.

Sasa mguu. Wewe ni baba yangu kwa jina tu, kwa kuwa walikupa jina la marehemu baba, lakini kwa mguu huu nakubali hata kukuamkia mimi. Tangu kisukari kiuchukue ule wa Mungu, nilikuwa na ule wa chuma, niliouita Bwana Mkubwa kwa uzito wake na makelele yake. Huu wako wa nyuzi za katani ni mwepesi, haulalamiki, haunichubui goti. Nimeuita Binti. Kliniki wameniambia mimi ni mmoja wa watu wachache wa majaribio. Nikawaambia majaribio ni yenu, mimi nimeshafaulu.

Kazini hospitali bado nipo chumba cha kukunja mashuka. Nakaa, nakunja, nazeeka. Usiwe na wasiwasi.

Shangazi yako

*

Tarehe 29 Januari

Shikamoo Shangazi,

Nimefurahi kusikia kwamba wote hamjambo. Mwambie mama nakula, na shingo ni ile ile, mpiga picha ndiye aliyeinama. Mwambie baba paa halizibwi kwa hasira.

Mimi niko salama. Kutwa niko kwenye maabara yetu, chumba kisicho na dirisha, chenye mashine moja ya kuvuta vitu mpaka vikatike na nyingine ya kuvipinda mpaka vivunjike. Pembeni kuna kabati la chuma lenye joto na mvuke, ambamo tumeweka vipande vya katani na gundi, vile vile kama vya mguu wako, tuone vitazeekaje. Profesa hupita asubuhi, hufungua, hutazama, hufunga, haongei.

Nina swali dogo. Je, Binti analowa? Ukioga unamvua? Na mvua ikikukuta njiani, ukifika nyumbani unamkausha? Ni kwa ajili ya kumbukumbu zetu tu. Chumba unachokunjia mashuka ni kikavu, sivyo?

Mwanao

*

Tarehe 20 Februari

Kwako Babangu,

Marahaba. Wote wazima. Baba yako amepanda tena, na safari hii amevunja kigae kizima, kwa hiyo sasa tuna matundu mawili.

Swali dogo haliulizwi mara nne katika barua moja. Nimefua mashuka ya hospitali tangu hujaota meno. Nalijua doa linalofichwa kwenye mkunjo. Mtu analeta shuka limekunjwa vizuri kuliko mengine yote, na hilo hilo ndilo la kufungua kwanza. Barua yako imekunjwa vizuri mno.

Nalowa kama watu wengine wanavyolowa. Nakauka pia. Sasa sema kilichomo kwenye kabati lako.

Shangazi

*

Tarehe 15 Machi

Shikamoo Shangazi,

Salamu nyingi kwa baba na mama. Huku hakuna jipya, isipokuwa mwenzangu wa meza ya pili amepata mtoto na sasa anasinzia akiwa amesimama.

Haya, nitasema. Mguu wako tuliutengeneza kwa tabaka: nyuzi, gundi, nyuzi, gundi, halafu ukashinikizwa kwa joto mpaka vyote vikawa kitu kimoja. Lakini katani ni mmea hata baada ya kufa. Ikipata mvuke inakunywa na kuvimba, ikikauka inasinyaa, na gundi haiwezi kwenda nayo huku na huku. Polepole vinaanza kuachana kwa ndani, kama ndoa ya watu wenye heshima zao: nje hakuna anayejua lolote.

Vipande vya kwenye kabati, vingine vimeachana hivyo. Ukivikanyaga kwa mashine vinavunjika ghafla, bila kutoa ufa wa kuonya. Vingine ni vizima kabisa, kama vimetengenezwa jana. Na vyote vimetoka bamba moja, siku moja, mkono mmoja. Hatujui kwa nini.

Kuna njia ya kubahatisha. Chukua sarafu, umgonge Binti taratibu kuanzia kisigino mpaka mbele. Palipo pazima patatoa mlio mkali, mkavu. Palipoachana patatoa mlio uliokufa, kama umegonga godoro. Nayajua masikio yako, kwa hiyo mtu mwingine akusikilizie.

Nashukuru tu kwamba uko chumba cha kukunja, mbali na mvuke. Baba usimwambie bado, utampandisha presha.

Mwanao

*

Tarehe 11 Aprili

Kwako Babangu,

Marahaba. Baba yako sijamwambia. Presha yake inapanda kwa habari za mpira, sembuse hizi.

Sarafu nimeigonga. Msikilizaji alikuwa Mama Pasi, mwenzangu kazini, ambaye amekaa kwenye mapasi mpaka jina lake la nyumbani tumelisahau. Nikagonga, akainamisha sikio.

"Panasemaje?" nikamuuliza.

Akanipigia kelele sikioni: "Dada, humu ndani kila kitu kinasema mashine!"

Tukatoka uani, kwenye kamba. Nikagonga. "Hapa panalia," akasema. Mbele kidogo. "Napo panalia." Nikaja kisiginoni. Akasogeza sikio. "Rudia." Nikarudia. "Sijui, dada. Labda ni soksi." Tukavua soksi. Nikagonga tena. Akanitazama usoni, akaniambia labda ni yeye, ana mafua.

Umeshaona nilipokuwa nimesimama. Siko chumba cha kukunja, Babangu. Nilirudi kwenye mashine wiki ile ile niliyompata Binti. Kule kwenye kukunja walikuwa wananiletea kiti, na chai, na huruma. Kwenye mashine mimi ndiye mkuu, naweka sabuni, nafungua maji ya moto, na watu wananipisha. Mvuke wetu asubuhi ni wa kukata kwa kisu. Kabati lako ni mtoto mdogo.

Sasa nijibu swali langu mimi. Mguu wangu utavunjika, au hautavunjika? Usiniambie vingine hivi na vingine vile. Wewe una vipande tele. Mimi nina mguu mmoja.

Shangazi

*

Tarehe 2 Mei

Shikamoo Shangazi,

Natumaini mafua ya Mama Pasi yamepona, na nyumbani hamjambo.

Sijui.

Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila nikianza najikuta naandika "inawezekana". Inawezekana ukatembea nao mpaka nikazeeka mimi. Inawezekana ukavunjika kesho ukiwa umeshika ndoo ya maji ya moto. Nimesoma mpaka macho yameuma, nimepima, nimechora, na ukiniuliza kitu kimoja tu unachohitaji, sina. Nikiangalia vipande mia naweza kukuambia vingapi vitaharibika. Nikiangalia mguu wako siwezi kukuambia kitu. Naona aibu kukuandikia hivi, lakini ndiyo hali.

Kliniki haijaambiwa. Profesa anasema wataandikiwa matokeo yakithibitika, wasije wakawatisha watu bure. Lini yatathibitika, hasemi.

Tafadhali ondoka kwenye mashine. Halafu nitumie Binti. Tuna chombo kinachopitisha sauti ndani ya kitu na kurudisha picha, huenda kikatuonyesha. Wakati huo vaa Bwana Mkubwa. Najua humpendi, lakini chuma hakinywi maji.

Mwanao

*

Tarehe 30 Mei

Kwako Babangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu. Baba yako ameacha paa, sasa anatengeneza mlango ambao haukuwa umeharibika.

Bwana Mkubwa sinaye. Sikukuambia kwa sababu niliona hayakuhusu. Mwaka jana nilipompata Binti nilimpa fundi cherehani wa mtaani kwetu, yule mama aliyekuwa anaruka kwa gongo kutoka mlangoni mpaka kwenye cherehani. Nilimvalisha kwa mikono yangu nikamkaza mikanda. Sasa anakwenda sokoni mwenyewe, na wanasema anasikika tangu kona ya kwanza. Nikamwambie nini? Avue?

Nilikuwa nimekata shauri nisikutumie kitu. Juzi tulikuwa tunashusha toroli la mashuka yaliyotoka kwenye maji ya moto, kwenye ule mteremko wa kwenda uani. Mama Pasi yuko mbele, anavuta, mimi nyuma nazuia. Nikahisi kitu kimecheza kisiginoni. Au nilidhani nimehisi, maana tangu barua yako nahisi kila kitu. Sikuanguka. Lakini nilimwona Mama Pasi mgongo wake, na toroli zima juu yake. Mimi kuvunjika nilishavunjika, nimezoea. Yeye hakuniuliza kama mguu wangu ni wa majaribio.

Kwa hiyo nilikwenda posta nimemvaa Binti, nikamvua pale pale kwenye kaunta, na kiatu chake cha kazi nikakifuta vumbi kwa leso. Foleni yote ilitazama dari. Nikarudi kwa magongo. Karani alinikataza nisiweke barua ndani ya kifurushi, akasema barua ina njia yake. Basi hii inakuja nyuma ya mguu.

Sharti langu ni moja tu. Muangalieni, msimkate. Mkishaona, nirudishieni, awe mzima au mbovu. Akiwa mbovu nitajua namna ya kumtembeza. Msimamizi amenipa ruhusa mpaka mwisho wa mwezi ujao, na alinipa huku anatazama mguu ambao haupo.

Shangazi

*

Tarehe 5 Julai

Shikamoo Shangazi,

Habari za siku nyingi? Habari za baba, mama, na ule mlango? Nisalimie Mama Pasi, ingawa hatujuani. Nisalimie fundi cherehani. Nisalimie na jirani wa upande wa pili, nasikia alikuwa anaumwa mgongo, natumaini ameshapata nafuu. Vijana wake wanasoma wapi siku hizi?

Huku hali ya hewa ni nzuri. Yule mtoto wa mwenzangu ameanza kucheka. Korido yetu wameipaka rangi na kwa wiki nzima tulikuwa tunaingia kwa mlango wa nyuma, kupita kwa watu wa umeme, ambao ni wakarimu sana.

Kifurushi kilifika salama, na kiatu kilikuwa kinang'aa. Barua yako nayo imefika, baadaye kidogo. Kazi inaendelea. Nitakuandikia kwa urefu nikipata nafasi.

Jitunze sana, Shangazi.

Mwanao

*

Tarehe 28 Julai

Kwako Babangu,

Marahaba. Tuko hivyo hivyo.

Barua yako imefika. Umemsalimu hadi jirani wa upande wa pili, ambaye ukiwa mdogo ulimrushia jiwe na ukasema hukukosea. Mtu mwenye habari njema hasalimii hivi.

Ruhusa imekwisha. Msimamizi ameweka mwingine kwenye mashine, binti mmoja mwenye nguvu, Mama Pasi anasema hajui kupima sabuni lakini atajua. Chumba cha kukunja nacho kimejaa. Wamenipa barua nzuri ya kunishukuru. Baba yako ameshajua yote, hakuna cha kuficha kwa mtu anayekuona kila siku umekaa.

Fundi cherehani alikuja kunitazama. Nilimwona mlangoni amesimama wima, na Bwana Mkubwa chini yake, amempaka rangi. Akaniandikia kwenye karatasi, maana ana sauti ndogo: Dada, mguu wako uko wapi? Nikamwambia umekwenda kusoma. Tukacheka. Halafu akainama akaanza kulegeza mikanda. Nikamshika mkono. Nikamwambia yule mzee hakuwahi kunipenda, akae naye. Alilia, nami nikamkasirikia kwa kulia, maana nilikuwa nautaka ule mguu. Nautaka mpaka leo. Nilipousikia moyo wangu unataka mwenzangu akae chini ili mimi nisimame, niliogopa.

Nakuuliza kama shangazi. Mmemkata? Na alikuwa mzima?

Shangazi

*

Tarehe 19 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Ndiyo. Na ndiyo.

Salamu nimeshindwa kuziandika leo, utanisamehe.

Chombo cha sauti hakikuona kitu. Nyuzi za katani ni nyingi na hazifanani, sauti inatawanyika humo ndani, na picha ikatoka kama kioo cha bafuni. Tulirudia kutwa. Profesa akasema njia ya hakika ni moja, kukata na kutazama kwa hadubini. Nikasema tusubiri wiki moja. Akaniuliza, kwa upole tu, tunasubiri nini. Barua yako ilikuwa bado iko njiani. Sikujua kwamba nasubiri barua. Nilijua tu kwamba nataka kusubiri, na hilo si jibu la maabara.

Nilimshika mimi, Shangazi. Sikutaka ashikwe na mtu asiyemjua.

Alikuwa mzima kila mahali. Kisigino nilikitazama mimi mwenyewe mpaka macho yakatoa machozi, nikitafuta hata uwazi wa unywele, ili iwe tulikuwa na sababu. Hakuna. Mvuke wenu wote ule haukuingia. Kile ulichokisikia kwenye mteremko hakikuwa mguu.

Nikadhani basi angalau wale wengine waliovaa wataambiwa wasiogope. Profesa akasema mguu mmoja hauthibitishi kitu. Ni kweli, hauthibitishi. Hatujui kwa nini huu ulipona, kama tusivyojua kwa nini vile vipande vilikufa. Kwa hiyo utafiti umesimamishwa, mashine ya kushinikiza imefunikwa turubai, na hakuna bamba jipya litakalotengenezwa mpaka ijulikane. Ukiniuliza lini, nitarudia lile neno langu.

Najua kila kitu kuhusu mguu ule, na siwezi kukutengenezea hata kidole. Vipande wamevitia namba, ni vya maabara, siwezi kuvitoa. Kilichokuwa chako peke yake ni kiatu. Nimekituma jana.

Mwanao

*

Tarehe 14 Septemba

Kwako Babangu,

Marahaba, hata kama hukusalimu vizuri.

Kiatu kilitangulia. Karani alinikabidhi kifurushi, nikakipima mkononi, na nikajua kabla ya kukifungua. Barua yako ilikuja siku kadhaa baadaye kunieleza jambo ambalo nilikuwa nimeshalilia na kunawa uso.

Nimekukasirikia. Nimemkasirikia na Profesa, lakini yeye simjui, kwa hiyo sehemu yake nayo umeibeba wewe. Nilitaka kukuandikia kwamba nilijua siku zote Binti ni mzima. Si kweli. Kila nikishuka ule mteremko nilikuwa naogopa, na uoga huo ulitoka kwako kwa bahasha. Ungeninyamazia ningekuwa kwenye mashine mpaka leo. Au ningekuwa nimemwangushia Mama Pasi toroli. Nimekaa nikalipima hili, huku na huku, mpaka nimechoka. Hata mimi sijui.

Baba yako amenitengenezea magongo mapya. Moja ni refu kuliko jingine. Mama yako amemwambia, amekataa, anasema ni sakafu. Mama Pasi anakuja jioni ananipigia kelele mashine gani imeharibika, namwambia cha kufanya, kesho anarudi kuniambia kwamba binti mwenye nguvu hakusikia.

Usiniandikie samahani nyingine. Sina pa kuziweka. Wewe kula, shingo hiyo si ya mpiga picha.

Kiatu nimekirudisha posta leo asubuhi. Nimekipaka rangi nyeusi, nimekikaza kamba. Kitakufikia kabla ya barua hii, kama kawaida yao, na utashangaa. Usishangae. Kiweke juu ya ile mashine iliyofunikwa turubai, mahali Profesa anapopita asubuhi, na akiuliza ni cha nani, mwambie. Mwenzake ninacho, nimekivaa sasa hivi ninapoandika.

Usikitume tena peke yake.

Shangazi yako